Goti la Jarrell

Kocha Stuckey alifukuzwa Jumapili, watu wakiwa bado na nguo za kanisani mwilini. Verlene Tisdale alikuwa anapakua kuku wakati simu ya mumewe ilipotikisika mezani. Rayford akaisoma, na kabla hajajizuia akatabasamu.

"Kuna nini?" Verlene akauliza.

"Wamemwondoa Stuckey."

Kijiko kikabaki hewani. Mtoto wao wa pekee, Jarrell, ambaye alikuwa amekuja kula nyumbani kama kila Jumapili, hakuinua kichwa.

"Tumeambiwa asubuhi," alisema. "Alikuja mwenyewe kutuaga. Alilia."

Rayford akaigeuza simu kifudifudi. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa Hoyt Lamberth, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hema lake na hema la akina Tisdale husimama ubavu kwa ubavu chini ya mialoni kila Jumamosi ya mechi, mashabiki wakila na kunywa kabla ya kuingia uwanjani. Hoyt aliandika maneno mawili tu: Tumemng'oa, mzee.

"Yule mtu alikula kwenye sahani hii," Verlene alisema. "Alikaa hapo ulipokaa wewe, Ray, akala kambare mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Akaniambia, Mama Tisdale, nitakurudishia huyu siku atakapovaa joho."

"Joho litavaliwa tu. Kocha siye mwenye chuo."

"Umebakisha mwaka mmoja," Verlene alimwambia mwanawe, kana kwamba Jarrell ndiye aliyesahau.

"Ndiyo, Mama."

"Haya," Rayford alisema. "Kula, pumzika, kalale. Kesho ni siku nyingine."

Jarrell hakuwa mtu wa kutajwa na watangazaji. Kazi yake katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, ilikuwa kumtangulia mwenye mpira na kumbamiza yeyote aliyesimama njiani, ili mwenzake apite. Mwenzake akifika mwisho wa uwanja, jina linaloitwa ni la mwenzake. Jarrell huinuka kutoka chini, hung'oa majani kwenye helmeti, hurudi mstarini. Kwa kazi hiyo Chuo cha Ackley kilimlipia masomo ya ualimu wa sayansi, chumba na chakula. Katika ukoo wa Tisdale hapakuwa na mtu aliyewahi kumaliza chuo.

Jambo moja Verlene hakulijua. Kila Jumatatu jioni Dub Sanford wa redio ya mji hufungua simu, mashabiki wamwage yaliyo moyoni. Rayford alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Jumatatu, wenzake wakishaondoka gereji, alikuwa anaingia ndani ya basi bovu, anafunga mlango, anaikaza sauti kooni kidogo na kupiga. Alijiita Pete wa Mtoni. Baba wa mchezaji hawezi kumsema kocha kwa jina lake halisi. Akithubutu, mwanawe ndiye atakayelipa kwa kukaa benchi. Lakini Rayford alikuwa shabiki wa Korongo wa Ackley, timu ya chuo, miaka mingi kabla hajawa baba wa Korongo, na kushindwa kulikuwa kunamnyima usingizi.

"Stuckey anacheza mpira wa babu yangu," Pete alisema redioni. "Kimbia kushoto, kimbia kulia, piga teke, kalale. Rusha mpira, bwana. Mungu alituumbia hewa tuitumie."

Maneno yale yalirudiwa vinyozini. Mtu mmoja aliyaandika kwenye shuka na kulitundika ukutani mwa uwanja. Rayford alilipita shuka lile akiwa ameshikana mkono na mkewe, akasoma kama vile halimhusu.


Kocha mpya alitambulishwa katika ukumbi wa mazoezi. Aliitwa Keller, mtu wa magharibi, kijana kuliko walivyotarajia, amevaa viatu bila soksi. Wachezaji walikalishwa viti vya mbele. Nyuma yao mji mzima ulijazana na vibendera.

"Sitasema mengi," Keller alisema. "Mpira utaruka."

Ukumbi ukalipuka. Hoyt Lamberth akamkumbatia mtu asiyemjua. Rayford naye akajikuta amesimama, mikono yake inapiga makofi.

Verlene alikuwa amekaa, mkoba mapajani. "Unashangilia nini?"

"Watu wanashangilia."

"Watu hawana mtoto pale mbele."

Rayford akatazama viti vya mbele. Mabega mapana ya Jarrell yalikuwa yametulia. Wale wembamba, wakimbiaji na wadakaji, walikuwa wanagongana viganja.


Wiki iliyofuata kocha aliwaita wachezaji ofisini mmojammoja. Jarrell alifika nyumbani mchana wa siku ya kazi, begani begi la nguo chafu, na Verlene akajua kabla hajauliza.

"Kasemaje?"

"Kasema mimi ni mchezaji mzuri."

"Basi, vizuri."

"Kasema timu yake haina mtu wa kufungua njia, Mama. Hana hata mmoja. Amenichorea ubaoni. Pale ninaposimama mimi ameweka mtu mwembamba wa kudaka."

"Si na wewe ukadake."

"Mimi nadaka kama mtu aliyepokea sufuria ya moto."

Verlene alitaka kucheka, ikashindikana. "Kwa hiyo?"

"Kanishauri niweke jina kwenye orodha ya wahamaji. Ufadhili wa mwaka ujao hawezi kuniahidi."

Orodha ile kila nyumba yenye mchezaji inaijua. Unaweka jina, vyuo vingine vinachungulia kama watu kwenye gulio. Anayekupenda anakuchukua. Lakini ukishaliweka, chuo chako kina ruhusa ya kukukatia ufadhili hata kama hakuna aliyekuuliza. Wenzake wawili wa chumba kimoja walikuwa wameshaliweka. Mmoja alipata chuo. Wa pili alikuwa anakaa kwa shangazi yake Memphis, analala kwenye kochi, simu kifuani.

"Aweke," Rayford alisema jioni. "Mapema, kabla watu hawajajaza nafasi."

"Jina la mwanangu halitoki humu ndani mpaka mtu aje alichukue kwa mkono," Verlene alijibu. "Mnapeleka watoto sokoni kama maboga."

Alikuwa na namba ya Kocha Stuckey. Akaipiga. Akapokea kijana mmoja, akasema Kocha yuko kwenye kikao. Akapiga tena, kikao kile kile. Baada ya siku kadhaa Stuckey mwenyewe akapiga, Verlene akiwa jikoni kwenye shule ya msingi anakopikia watoto, kofia ya neti kichwani.

"Mama Tisdale. Nina aibu hata kukusalimu."

"Salimu tu."

"Nimepata kazi mahali, lakini ni msaidizi wa mtu. Kuleta mchezaji lazima niombe, na nimeomba. Wamesema hawahitaji mtu wa aina yake. Siku hizi karibu hakuna anayewahitaji."

"Uliniahidi, Kocha."

Nyuma ya Verlene watoto walikuwa wanagonga sinia.

"Niliahidi nikiwa na kazi," Stuckey alisema. "Nisamehe."

Verlene alimsamehe, maana sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. Kisha akarudi kupakua viazi.


Rayford alikwenda kwa Keller bila kumwambia mtu. Alivaa koti la kanisani, akasugua kucha kutoa mafuta meusi ya injini mpaka vidole vikauma. Msichana wa mapokezi alimtazama, akainuka kwa heshima.

"Afadhali umekuja. Mashine ya barafu iko mlango wa pili, baba. Imevuja mpaka kwenye zulia."

"Nimekuja kwa ajili ya mwanangu."

Msichana akaona aibu kuliko yeye. Akamkalisha, akamletea maji, akasahau kumletea glasi.

Ofisini, kuta zilikuwa bado na matundu ya misumari pale zilipokuwa picha za Stuckey. Keller alimshika mkono kwa mikono miwili, akamvutia kiti.

"Mzee Tisdale, nimetazama mechi zake zote. Ningekuwa kocha zamani zile, ningempigania. Lakini nafasi za ufadhili zina kikomo. Nikimweka nisiyemtumia, namnyima nitakayemtumia. Na nisiposhinda, watu hawa watanifanya walivyomfanya mwenzangu."

"Watu gani?"

Keller akacheka kidogo. "Waliponiita kwenye usaili niliwauliza, mashabiki wenu wanataka nini? Wakanifungulia redio. Kuna mmoja pale, Pete. Mungu alituumbia hewa tuitumie. Nilimwambia mke wangu, kule kuna watu wetu. Unamfahamu?"

Rayford alitazama tundu moja la msumari. "Huwa namsikia."

"Mtu wa maana." Keller akaegemea meza, akapunguza sauti. "Sikia, mzee. Mwaka juzi kijana alivimba goti la kulia."

"Lilipona."

"Najua. Lakini daktari wa timu anaweza kuona halikupona vizuri. Mchezaji anayestaafu kwa sababu ya mwili, chuo kinaendelea kumsomesha mpaka amalize, wala hahesabiwi kwenye nafasi zangu. Jezi anabaki nayo. Ila hapa hachezi tena. Na kwingine, nani atamchukua mwenye goti bovu?"

"Goti lake ni zima, Kocha."

"Sijasema ni bovu. Nimesema daktari anaweza kuona." Uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu aliyechoka, mwenye foleni ya wazazi nje. "Ningekuwa na njia nyingine ningekupa."


"Goti gani?" Verlene aliuliza.

"La kulia," Rayford alisema.

Walikuwa watatu jikoni. Jarrell alinyoosha mguu wake wa kulia chini ya meza, akautazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Asubuhi nimekimbia mpaka darajani na kurudi," alisema.

"Ukikubali, hutakimbia tena hadharani," baba yake alisema. "Si katika mji huu."

"Na nikikataa?"

"Orodha ya wahamaji. Labda atokee mtu. Labda asitokee."

Verlene alikuwa mkaribishaji kanisani, mtu wa glavu nyeupe na kusimama mlangoni. Uongo ulikuwa unamkwaruza kama sweta la sufu. Lakini alijua pia ni watoto wangapi wa mji ule walioondoka na begi la mazoezi wakarudi nalo tupu, na sasa wanapakia makreti kwenye ghala la kuku.

"Mimi sitasema ndiyo wala hapana," alisema. "Mguu ni wako."

"Kosa ni langu," Rayford alisema ghafla.

"Kosa lako lipi? Wewe ndiye uliyemleta Keller?"

Rayford akafungua mdomo, lakini Jarrell akamtangulia, taratibu, kama alivyozoea kumtangulia mtu uwanjani.

"Acha, Pete."

Verlene akamgeukia mwanawe.

"Pete nani?" Verlene akauliza.

"Wa Mtoni, Mama. Yule wa redio." Jarrell hakuwa amekasirika. "Tulikuwa tunamsikiliza chumba cha kubadilishia nguo. Kocha Stuckey mwenyewe ndiye aliyekuwa anaongeza sauti. Wenzangu walikuwa wanamwigiza. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nani mwingine hapa Ackley anayemaliza kila jambo kwa neno kalale?"

Rayford alishindwa kumtazama. "Na Kocha alijua?"

"Aliniuliza siku moja, mzee wako hajambo? Nikasema hajambo. Akasema, mwambie kwenye lile la kupiga teke mapema, alikuwa sahihi."

"Na akaendelea kukuchezesha?"

"Akaendelea."

Verlene akainuka, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Akaongea bila kugeuka.

"Ray, yaani mtu anamlisha mwanao, anamsomesha, wewe unajificha ndani ya basi kumfukuzisha kazi."

"Nilitaka tushinde, Verlene."

"Tushinde nani? Sisi watatu hapa, tulikuwa tunashindana na nani?"

Tangu siku ile Verlene alimfungia mumewe chakula cha kazini kama kawaida, mkate wa mahindi na vipande vya nyama, lakini hakukiweka tena mkononi mwake. Alikiacha juu ya jokofu, Rayford akajichukulia.

Jarrell alikwenda kwa daktari. Daktari alilikunja goti, akalikunjua, akaandika, bila kumwuliza kama linauma.


Korongo walishinda. Msimu mpya ulipoanza mpira uliruka kweli, na mji ukaruka nao. Watu ambao hawakuwahi kuja uwanjani walinunua jezi. Chini ya mialoni mahema yaliongezeka mpaka njia ya kupita ikawa nyembamba.

Akina Tisdale walisimamisha lao pale pale, maana kutolisimamisha kungeuliza maswali. Jarrell alikalishwa kwenye kiti cha kukunja, mguu juu ya kreti.

"Goti vipi, bingwa?" Hoyt aliuliza kila Jumamosi.

"Linaendelea, Mzee Hoyt."

"Usiliharakishe. Mke wangu amekuletea hii." Ilikuwa chupa ya dawa ya kuchulia farasi. "Babu yangu alitembea nayo mpaka kaburini."

"Kama alitembea mpaka kaburini, labda ndiyo iliyomfikisha," Jarrell alisema, na Hoyt akacheka, akamwongezea mbavu kwenye sahani.

Wakongwe walimletea pai ya viazi vitamu. Watoto walikatazwa kumsukuma. Jarrell, ambaye hapo awali hakuna aliyemwona hata akiwa katikati ya uwanja, sasa alikuwa hawezi kwenda msalani bila mtu kumpa bega. Kelele za uwanjani zilipopanda, kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kinajikunja ndani ya kiatu, kama kinataka kuanza mbio peke yake.

Jumapili moja mchungaji alimwita mbele. Waumini wakanyoosha mikono kuliombea goti. Verlene alisimama mlangoni na glavu zake nyeupe, akainamisha kichwa, akamwomba Mungu asisikilize.

Jumatatu Dub Sanford alikuwa na furaha redioni. "Pete wa Mtoni, uko wapi, ndugu yangu? Hewa sasa inatumika. Tupigie walau utuambie asante."

Rayford alikuwa mezani anakula. Verlene alikuwa anakunja nguo. Redio ilikuwa dirishani, karibu na mkono wa Verlene, lakini hakuizima. Alimwacha mumewe asikilize mpaka mwisho. Kisha akachukua chakula chake cha kesho kutoka juu ya jokofu, akakiweka mezani mbele yake.

"Mchuzi umezidi chumvi," alisema. "Utakunywa maji mengi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpa mwenyewe tangu majira ya baridi.


Mechi ya mwisho ya nyumbani ina desturi yake. Wachezaji wanaomaliza chuo huingia uwanjani na wazazi wao, mtangazaji husoma jina, mama hupewa ua. Majeruhi nao huitwa.

Walipangwa kwenye korido ya chini, mahali penye harufu ya majani mabichi na dawa ya misuli. Verlene alivaa jezi ya mwanawe juu ya gauni. Mbele yao familia moja ilikuwa inapiga picha. Keller alipita, akawashika mabega wote watatu, akamtazama Jarrell kidogo zaidi kuliko wengine, akaenda zake.

"Baba," Jarrell alinong'ona. "Ni mguu gani?"

"Wa kulia."

"Nichechemee sana au kidogo?"

Rayford alifikiri. Hakuna baba aliyewahi kumfundisha jambo kama lile. "Kidogo. Kama mtu aliyevaa kiatu kipya."

"Hatachechemea," Verlene alisema.

"Verlene, watu wote wapo pale."

"Ndiyo maana. Nimenyamaza kanisani, nimenyamaza hemani. Leo nashika mkono wa mwanangu, na mwanangu anatembea sawasawa. Wakitaka kuuliza, waniulize mimi."

Jarrell akamtazama baba yake. Rayford aliangalia mwanga wa uwanja kule mbele. Alimfikiria Hoyt, akamfikiria mchungaji, akamfikiria Dub na redio yake na mji mzima kujua. Akafunga kifungo cha koti.

"Msikilize mama yako," alisema.

Jina likasomwa. Jarrell Tisdale, mwana wa Rayford na Verlene. Katika miaka yake yote Ackley, spika zile hazikuwahi kulitamka. Kisha mtangazaji akaongeza habari ya goti, na uwanja ukasimama. Yalianza upande wa wanafunzi, yakazunguka mpaka kwenye viti vya matajiri, makofi ambayo hakuyapata siku hata moja alipokuwa anajilaza chini ili wenzake wapite.

Jarrell akatembea. Alitembea kama mtu anayekwenda dukani kununua maziwa, magoti yote mawili yakikunjika na kunyooka vizuri, mama yake kushoto, baba yake kulia. Verlene alikaza shingo, akingoja minong'ono. Rayford akahesabu nyuso kwenye uzio, akamwona Hoyt Lamberth, kofia kifuani, macho yamejaa maji, akimwinamia mkewe.

"Mtazame," Hoyt alikuwa anasema. "Linamuuma vibaya mno, lakini anajikaza tusione."